Glavu Nyeupe za Wabebaji Wadogo

"Nimemkosea nini yule mama, hata anirudishie glavu za msiba wa mume wangu?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Jerusha Vose majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa amesimama mlangoni pangu, theluji mabegani, ameshika glavu nyeusi za ngozi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza. Jerusha ni mjane. Alihamia kwetu Boston kutoka Salem na mume mgonjwa, na mume hakumaliza mwaka. Alipofariki, Jerusha akatuma glavu mtaani nyumba kwa nyumba kama ilivyo desturi yetu, maana glavu zikifika kwako umealikwa mazikoni, na ukizipokea huna budi kwenda. Wote tulizipokea, isipokuwa Bi Submit Gannett. Yeye alizirudisha zimekunjwa ndani ya kitambaa safi, pamoja na chungu cha maharage na nyama ya nguruwe, bado cha moto.

"Maharage nimeyala," Jerusha alisema. "Yalikuwa matamu, sitasema uongo. Lakini glavu, Bi Tabitha? Kwetu hata mtu mliyegombana naye kisimani hupokea glavu."

"Hujamkosea," nikamwambia. "Ingia uote moto."

Aliingia, akaota moto, na mimi nikataka kumweleza. Kila nilipofungua kinywa niliona mikono minne midogo imewekwa juu ya ngozi nyeupe, basi nikageuza maneno nikauliza bei ya kuni. Yale niliyoshindwa kuyasema siku ile nayaweka hapa.

Submit alikuwa mshona glavu. Kazi ilikuwa ya mumewe, na mumewe alipozama pamoja na chombo alichosafiria katika maji ya kaskazini, yeye aliketi juu ya kigoda kilekile, akashika sindano ileile yenye ncha ya pembe tatu, akaendelea pale mwenzake alipoishia. Hakutumia kipimo. Alikuambia uweke mkono juu ya ngozi, akauzungushia chaki, kisha akaushika katikati ya mikono yake na kufumba macho, kama mtu anayesikiliza. Glavu zake hazikubana wala hazikupwaya. Watu walisema Submit akikushika mkono leo, mwakani anaweza kukushonea bila kukuona.

"Ukinishika hivyo, Submit, mume wangu ataona wivu," Bi Coit alimtania siku moja mbele yangu.

"Mumeo mikono yake mipana kama makasia. Mwambie akae na wivu wake, asije akanimalizia ngozi."

Alishona za harusi, za kazi, za baridi. Lakini zilizompa mkate hasa zilikuwa za misiba, nyeusi za watu wazima na nyeupe za watoto. Alizishona kwa heshima, akiomba kimoyomoyo kwa ajili ya marehemu kila alipovuta uzi. Nimeketi naye mara nyingi nikimsaidia kutia uzi sindanoni. Hakuwa mtu wa kulalamika. Binti yake pekee alifariki akijifungua, na baba wa mtoto, baharia, alikwenda safari asirudi. Kilichobaki mikononi mwake ni kile kitoto, Bethiah. Hakuwa na ndugu mwingine upande huu wa maji wala ule. Akimwita Bethiah kuja kula, ungesikia kwenye sauti yake kwamba anawaita wote waliotangulia.

Sasa, mwaka ule wa 1713 surua iliingia mjini majani yakiwa yameanza kuwa mekundu. Nani aliileta hatujui. Na nitasema ukweli jinsi tulivyoipokea: tuliipokea kama mgeni tunayemfahamu. Sisi watu wazima wengi tuliugua utotoni ilipopita mara ya mwisho, na kwa kuwa waliopona ndio waliobaki kusimulia, tuliisimulia kama mchezo. Tuliwashwa, tukajikuna, tukapikiwa uji na sukari, tukapona. Waliokufa hawakuwepo kutukatiza.

Ndui ndiyo tuliyoiogopa. Ndui ikiingia nyumba, kitambaa chekundu kinatundikwa nje na mlinzi anawekwa mlangoni, wala hakuna anayeona aibu kupita upande wa pili wa njia. Surua haikuwa na kitambaa. Katika watoto wetu hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuiugua, kwa maana haikuwa imepita tangu wazaliwe, na hilo tulilijua. Tulilijua na hatukulifikiria.

Mtoto wa kwanza kufa katika kichochoro chetu alikuwa Huldah, binti wa mwoka mikate Pratt. Vipele vilikuwa vimeshaanza kufifia, mama yake ameshatoa shukrani, ndipo kifua kikambana, akaenda. Watu wakasema ni kifua, si surua. Ilikuwa rahisi kusema hivyo.

Kwetu mtoto hubebwa na watoto wenzake. Wasichana humbeba msichana, wavulana humbeba mvulana, wamevaa glavu nyeupe, wamelingana kimo ili jeneza lisiyumbe. Ni jambo la kutia machozi kulitazama, na nadhani ndiyo maana tunalipenda. Bi Pratt akamtumia Submit ujumbe achague wanne na kuwashonea. Submit akachagua Desire Coit, Keziah Lunt, Zerviah Doane na mjukuu wake Bethiah. Wote walicheza na Huldah. Wote walilingana naye kimo.

Nilikuwepo walipokuja kupimwa. Walikuja na nyuso za msiba, lakini mtoto hawezi kushikilia uso wa msiba muda mrefu mbele ya ngozi nyeupe mpya.

"Bibi Submit, mimi vidole vyangu virefu kuliko vya Keziah," alisema Zerviah.

"Virefu vya kudokoa biskuti," Keziah akamjibu.

"Na vyako vinanuka samaki. Utazichafua glavu kabla hatujafika makaburini."

"Baba yangu anauza samaki, hanuki yeye, anuke mwanawe?"

"Nyamazeni," Submit akawaambia. "Mmekuja kwa ajili ya mwenzenu." Lakini midomo yake ilikuwa inatabasamu kidogo. Akamshika Keziah mkono, akafumba macho. "Haunuki kitu. Una baridi tu. Sogea motoni."

Bethiah alingoja mpaka wenzake wapimwe. Kisha akaweka mkono wake, akauliza polepole, "Bibi, tukishambeba Huldah, glavu zinakuwa zetu?"

"Zinakuwa zenu."

"Hata Jumapili naweza kuzivaa?"

"Hata Jumapili."

"Basi nitazivaa kila Jumapili mpaka zinibane."

"Zikikubana nitakushonea nyingine," bibi yake akasema.

Siku ya mazishi kulikuwa na ubaridi, kwa hiyo watu wote walibanwa sebuleni kwa Pratt, milango imefungwa, moto mkubwa, pombe ya matofaa iliyochemshwa inazungushwa kwenye vikombe. Jeneza lilikuwa juu ya meza. Ndugu yake Huldah, kitoto cha miaka mitatu hivi, alikuwa kwenye mkeka karibu na moto, kamasi zinamtoka, macho mekundu, anakohoa na kulia. Tulidhani analilia dada yake. Nani asingedhani hivyo?

Submit aliwashika wale wasichana wanne mkono, wawili huku wawili huku, akawaingiza. Akaangalia pa kuwaketisha, akaona nafasi ipo mkekani. "Kaeni hapo na mdogo wake," akawaambia. "Mbembelezeni, maskini, mama yake leo hawezi." Wakaketi. Bethiah akampakata, akamfuta kamasi kwa kitambaa chake, akamchezesha kwa vidole vya glavu nyeupe mpaka kikacheka, kikakohoa usoni pake, kikacheka tena. Wanawake tuliokuwa karibu tulitazamana tukasema moyoni, watoto hawa wamelelewa vizuri.

Kisha kengele ikalia, wakainuka, wakabeba. Jeneza halikuyumba.

Jumapili iliyofuata wote wanne walikuja ibadani na glavu zao. Na Jumapili iliyofuata hiyo pia, nadhani, ingawa siku hiyo Desire alikuwa akipiga chafya.

Jumatatu yake mimi na Submit tulitoka asubuhi kupeleka kazi aliyokuwa ameimaliza, glavu za kazi za wanaume, jozi moja nyumba hii, jozi nyingine nyumba ile. Bethiah alibaki akisokota uzi. Tulianzia kwa Coit. Bi Coit alifungua mlango nusu.

"Desire hakulala," alisema. "Macho yanamtoka machozi, hataki mwanga. Nadhani ndiyo hiyo surua."

"Itapita," Submit akamwambia. "Mfunike vizuri."

Tukaenda kwa Lunt, muuza samaki. Mlango ulikuwa wazi na ndani Keziah alikuwa amelala kwenye benchi, shali imemfunika kichwa. Mama yake akasema, "Amerudi kutoka kisimani anatetemeka. Na kikohozi hicho, kama mbwa."

Submit hakusema itapita. Tulipotoka alisimama njiani, ameshika kifurushi kifuani. Nikamuuliza kama amechoka.

"Tabitha," akasema, "twende kwa Doane."

"Kwa Doane hatuna cha kupeleka."

"Twende."

Mtengeneza mapipa Amos Doane alikuwa uani kwake, nyundo mkononi, lakini hapigi. Alipotuona alisema kabla hatujamsalimu, "Ni Zerviah. Tangu jana. Mmejuaje?"

Nimeishi miaka zaidi ya hamsini, nimezika wazazi na mume, lakini sijapata kuona uso wa mtu ukigeuka namna ile. Haukulia, haukukunjamana. Damu tu ilitoka usoni, kama maji yanavyotoka kwenye chombo kilichopasuka chini. Aliangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaangalia viganja. Kifurushi kilianguka matopeni wala hakukiokota. Akaanza kwenda nyumbani kwake, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia, mwanamke mtu mzima, sketi ameikusanya mbele za watu. Mimi nilimfuata nikisema, "Submit, taratibu, Submit, yeye mzima, tumemwacha mzima."

Bethiah alikuwa bado kwenye kigoda, uzi mapajani. Alikuwa akisugua macho.

"Bibi, funga dirisha," akasema. "Jua linaniuma."

Nje kulikuwa na mawingu.

Tulimfanyia yote tuliyofundishwa. Tuliziba dirisha kwa blanketi, tukawasha moto mkubwa, tukamrundikia nguo zote za nyumba ile ili vipele vitoke, maana tuliambiwa vikibaki ndani vinaua. Tulimnywesha mavi ya kondoo yaliyolowekwa katika pombe ya matofaa na kuchujwa, dawa tuliyonyweshwa sisi utotoni, tukimwambia ni dawa iliyotoka kwa Bi Coit, na yeye kwa utii wake akanywa. Vipele vilitoka, vikamjaa hata kwenye vifuniko vya macho. Alijikuna mpaka damu. Submit akaenda kwenye sanduku, akatoa zile glavu nyeupe, akamvisha ili asijiumize.

"Leo si Jumapili," Bethiah akasema.

"Leo nimekuruhusu."

Jumapili hiyo mhubiri alisoma majina ya wagonjwa walioletwa kuombewa. Kila mara huigeuza saa ya mchanga iliyo mimbarini, akasoma machache, kisha akaanza mahubiri. Siku ile mchanga uliisha wote akiwa bado anasoma majina. Akasimama akaitazama ile saa kana kwamba imemdanganya. Nyumba nzima ya ibada ilikuwa kimya, na katika ule ukimya nikatambua jambo lililonitoa jasho katika baridi ile: palikuwa kimya kwa sababu hapakuwa na watoto. Mabenchi ya watoto kule juu kwenye roshani yalikuwa matupu.

Siku chache baadaye Zerviah Doane akafa.

Nilikuwa kwa Submit baba yake alipokuja. Alivua kofia, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Alizungumza kwa adabu kama mteja yeyote.

"Nimekuja kwa habari ya glavu, Bi Submit. Nyeupe."

"Za nani?"

"Za watakaombeba. Wale wenzake wanaumwa, najua. Tutachukua wadogo zao. Yuko yule wa pili wa Lunt, yuko mdogo wake Desire. Ni wafupi, lakini Zerviah amekonda, si mzito."

"Hapana," Submit akasema.

Alidhani hakusikia vizuri. "Ngozi imeisha?"

"Ngozi ipo."

"Uzi?"

"Uzi upo, Amos. Sishoni."

Chumba cha ndani Bethiah alikohoa, kikohozi kirefu, na wote watatu tulingoja kiishe.

"Mtoto wa Pratt ulimshonea," Doane akasema. "Wangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro. Ni kwenye ule msiba wa Pratt nilikokosea. Niliwavisha wanne mwenyewe, nikawapeleka kwa mkono wangu mpaka ndani ya nyumba ile, nikawaketisha na mtoto anayekohoa, nikawaambia wambembeleze. Leo hakuna hata mmoja anayesimama. Sasa unaniambia niwavishe wadogo zao niwalete kwako, na wewe una wawili wengine wanakohoa nyumbani?"

"Ni mkono wa Mungu, Submit."

"Mkono wake anaujua mwenyewe. Mimi nakuambia habari za mkono wangu."

Doane akaitupa kofia chini. Doane hakuwa mtu mbaya, wala si mtu wa kelele. "Basi unataka abebwe na nani? Nimkokote kwa mkokoteni kama mbwa wa bandarini? Watu watasema nini, mtoto wa Amos Doane hakupata hata wenzake wanne wa kumpeleka?"

"Nitambeba mimi," Submit akasema.

"Mwanamke habebi jeneza."

"Basi kesho atabeba." Akanigeukia. "Tabitha, wewe uliugua surua ulipokuwa mtoto?"

"Niliugua."

"Na Bi Coit aliugua, nakumbuka, tulilala kitanda kimoja. Sisi haituhitaji tena, ilishatuonja ikatutema. Tutakuja watatu, wa nne Mungu atatupa. Na usitume glavu kwa mtu yeyote mwenye watoto, Amos. Nakuomba kama dada yako. Ukizituma watakuja, hawawezi kukataa. Mimi mwenyewe nisingekataa."

Doane akaketi kwenye kigoda cha wateja. Akaweka mikono yake mikubwa juu ya meza, palepale Zerviah alipoweka wa kwake kupimwa.

"Mtambeba bila glavu?" mwishowe akauliza.

"Bila glavu."

Wa nne alikuwa Bi Pratt, mama yake Huldah. Hakuna aliyemwita. Alikuwa na kitoto chake kile kimepona, na yeye mwenyewe amebaki mifupa. Alisimama mlangoni kwa Doane, mikono mitupu, akasema, "Nimesikia mnahitaji mtu." Tukampisha nafasi penye jeneza.

Tulipita njia kuu wanawake wanne na jeneza la mtoto, na watu walitoka milangoni kututazama. Baharia mmoja nje ya nyumba ya pombe akacheka, akasema, "Hapa Boston wanaume wameisha?" Mzee mmoja wa kanisa alikuja mbele yetu, fimbo mkononi, akasimama katikati ya njia.

"Hii ni nini, Bi Gannett?"

"Ni msiba, Mzee wangu."

"Na desturi iko wapi?"

"Imelala kitandani, inakohoa. Tupishe, mtoto ana uzito."

Akatupisha. Sijui mpaka leo kama alikasirika au alielewa. Nakumbuka tu jinsi ubao wa jeneza ulivyokuwa wa baridi kwenye kiganja, na kwamba Submit alikuwa akitembea anatazama mbele bila kupepesa, kwa sababu alimwacha Bethiah na bibi kizee wa nyumba ya pili, na kila hatua ya kwenda makaburini ilimtenga naye.

Tuliporudi Bethiah alikuwa macho. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi macho yake yalikuwa yamefunguka sawasawa, tukapata tumaini.

"Mlikwenda wapi?" akauliza.

"Tulimsindikiza Zerviah."

"Nani walimbeba?"

"Mimi na Tabitha, na mama yake Desire, na mama yake Huldah."

Akafikiri. "Nyinyi ni wakubwa mno," akasema. Kisha, "Na mimi atanibeba nani?"

"Hakuna wa kukubeba," bibi yake akamwambia, akimpangusa jasho. "Wewe utatembea kwa miguu yako mpaka ibadani, na glavu zako."

Alikufa asubuhi iliyofuata, wakati nikipepea moto wa uji. Submit aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniomba nimpe mkasi. Nilipoingia alikuwa amemvua zile glavu. Alikuwa ameushika mkono wa mtoto katikati ya mikono yake miwili na amefumba macho, kama alivyofanya siku zote, na alikaa hivyo mpaka uji ukaungua na moshi ukajaa nyumba, na sikuthubutu kumgusa.

Tulimbeba walewale wanne. Hatukutuma glavu. Kuna nyumba ambazo hazikumsamehe hilo, eti alimzika mjukuu wake kama mtoto wa kuokotwa. Keziah Lunt naye alikufa wiki hiyo. Kati ya wale wanne aliyepona ni Desire peke yake, sikio moja likiwa limekufa. Mpaka theluji inaanguka, hapakuwa na kichochoro mjini ambacho hakikulia, na akina mama waliokuwa karibu kujifungua ndio walioteketea zaidi. Tuliuita ugonjwa wa watoto. Nani aliwaambia wanawake wetu wajawazito kwamba wao wako salama? Hatukuwaambia, lakini hatukuwaambia vinginevyo.

Tangu siku ile Submit hakushona tena glavu za msiba, nyeusi wala nyeupe. Alishona za wabeba mizigo na za wakata kuni, akala mkate mkavu. Na kila glavu za msiba zilizotumwa kwake alizirudisha safi, pamoja na chakula, kisha, miguu ilipokuwa bado na nguvu, akaja mwenyewe msibani kabla ya kengele, mikono mitupu, kufua na kupika. Surua ilipopita tena, miaka mingi baadaye, alikwenda mlango kwa mlango akiwasihi akina mama wasiwapeleke watoto wao penye wagonjwa hata wakialikwa na nani. Wengine walimsikia. Wengine walisema, masikini, akili zake zilizikwa na yule mtoto.

Nilimweleza Jerusha haya yote hatimaye, si siku ile ya theluji bali mwezi wa tatu, wakati Submit ameshalazwa kitandani asiinuke tena. Alikwenda jikoni kwake, akarudi na kile chungu cha maharage kimejaa, akaniambia twende.

Desire Coit alikuwepo tulipofika, sasa mwanamke mwenye watoto watatu, ameketi upande wa kitanda ambao sikio lake zima lingesikia. Jerusha akaweka chungu mezani. Akatoa mfukoni glavu zake nyeusi zile zile, akaziangalia, akazitia motoni mbele yetu sote. Zilinuka vibaya. Submit akacheka mpaka akakohoa.

"Zilikuwa ngozi nzuri," akamwambia. "Ungenipa nikate viraka."

"Samahani, Bi Submit. Nilidhani nimekukosea."

"Hukunikosea, mwanangu. Glavu si sumu. Lakini ukizipokea huwezi tena kukataa, na mimi niliwavisha wasioweza kukataa." Kisha akamtaka Desire asogee. Akamshika mkono, akamshika Jerusha kwa mkono wa pili, na mimi akanitazama, kwa kuwa hakuwa na mkono wa tatu.

"Nikifa," akasema, "msitume glavu kwa mtu yeyote. Nibebeni nyinyi wakubwa, mikono mitupu. Na watoto wa mtaa muwaache nje wacheze."